Kusoma Jua Likiwaka

Mwezi huu nimesoma vitabu vitatu, na vyote vitatu nimeanzia ukurasa wa mwisho. Wenzangu wanaopenda kusoma hunicheka. Mmoja aliniambia kwamba kusoma namna hiyo ni sawa na kunywa mchuzi wote halafu ndiyo uombe wali. Acha wacheke. Mimi siwezi kumsindikiza mtu safari ya kurasa mia tatu bila kujua kama atafika. Na kama nina mtu wangu mwenyewe barabarani, basi riwaya siifungui kabisa mpaka jua lizame. Nimefikia umri wa kuvaa miwani na tabia hii bado sijaiacha.

Cha kwanza kilikuwa riwaya ya mzee anayerudi kijijini kwao baada ya miaka mingi, akakuta hakuna anayemjua. Nimeipenda, ila mwandishi wake anapenda mno kueleza mvua. Ukurasa mzima ni mvua tu, na mzee wa watu bado amesimama mlangoni na mzigo kichwani. Cha pili ni kitabu cha mambo ya kweli, kinahusu mito ya Afrika, na aliyekiandika ni mtu anayejua kupima kina cha maji na mwendo wake. Nilikuwa nakimeza mpaka nilipofika Ruvuma. Ameugawia kurasa mbili tu. Na ndani ya hizo mbili neno lake ni mpaka, mpaka, mpaka, utadhani watu wa huku na wa kule walizaliwa wakitazamana kwa mbali bila kusalimiana. Kwetu sisi Ruvuma ilikuwa njia ya kwenda kwa mama mkubwa. Nilikifunga kwa hasira, kisha nikakifungua tena, maana kinafundisha, na haki ya mtu usimnyime.

Cha tatu ndicho kilichonikalisha niandike haya. Ni riwaya niliyoinunua sokoni kwa muuza vitabu vya mitumba. Kabla ya kusoma kitabu chochote hukinusa, na hiki nilipokinusa kilikuwa na harufu ya moshi wa korosho. Sisemi korosho za pakiti. Nasema zile zinazokaangwa nyuma ya nyumba kwenye bati lililotobolewa, mafuta ya maganda yanaposhika moto na moshi mweusi ukaingia kwenye nywele, kwenye kanga na kwenye karatasi. Moyo ulinienda mbio papo hapo. Siku iliyotangulia mdogo wangu Amina alikuwa amevuka mto kwenda ng'ambo, Msumbiji, na mimi nilikuwa nimesimama ukumbini saa nane mchana na riwaya mkononi.

Hofu hii ilianza nikiwa darasa la nne. Tulikuwa tukiishi Ufukoni, Mtwara, watu watatu katika nyumba ya vyumba viwili, mimi, Mama na Bibi mzaa mama. Baba alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na kwa kadiri tulivyojua alikuwa bado anayatafuta. Bibi alizaliwa ng'ambo. Alivuka Ruvuma wakati wa vita vya kudai uhuru wa kule, mtoto mmoja mgongoni, ambaye ni Mama, na mwingine kamshika mkono, ambaye ni Mama Mkubwa. Vita vilipoisha Mama Mkubwa alirudi akaolewa kulekule, na tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na masikio mawili, moja huku na jingine ng'ambo. Mtu akitoka Mahurunga, kijiji cha kando ya mto, Bibi humpa kwanza maji ya kunywa, kisha humuuliza kama mto umejaa au umepungua.

Bibi ndiye aliyekuwa mwenye ngano, zile hadithi za kale. Kila tukishamaliza kula jioni alikaa kwenye mkeka akanyoosha miguu, na mimi nikajua. Lakini ngano zake zilikuwa na masharti mawili. La kwanza, hazitolewi jua likiwaka. La pili, ukiianza ngano lazima uimalize, usimwache mtu njiani. Siku moja alisinzia katikati na nikamtikisa mpaka akaamka, kwa sababu tulikuwa tumemwacha binti mmoja juu ya mti na fisi wako chini.

"Kwa nini mchana haiwezekani?" niliwahi kumuuliza.

"Ngano ina macho, nke mwenzangu," alisema. Aliniita hivyo, mke mwenza, kwa utani, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kike. "Usiku inantazama anayeisikiliza. Nchana inatazama njiani. Ikinkuta ntu wako anasafiri, inampoteza."

Niliamini, kwa nini nisiamini? Bibi alikuwa anajua mvua itanyesha lini na mjamzito gani atazaa mapacha.

Mwaka huo mvua zilipokuwa zimeshika, habari zilikuja kwamba Mama Mkubwa ana mimba ya miezi ya mwisho na miguu imemvimba hata viatu haviingii. Mama akafunga kanga mbili, sukari na sabuni. Asubuhi aliyoondoka alinishika kidevu.

"Nakwenda kumwangalia dada yangu. Ijumaa nipo. Usimsumbue Bibi kwa maswali."

"Na mto ukijaa?"

"Ndiyo hayo maswali yenyewe," alisema, akacheka, akapanda gari la Mahurunga.

Mimi nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Wengine huzaliwa na meno, mimi nilizaliwa na hofu. Mama akichelewa sokoni nilikuwa nimeshamzika. Kwa hiyo siku ya kwanza tu nilimchosha Bibi, na Bibi akanituma kwa jirani yetu Mama Neema nikamsumbue yeye. Mama Neema alikuwa mtu wa bara, mumewe karani bandarini, na miaka yote aliyokaa Mtwara hakuwahi kuzoea kula ming'oko. "Mizizi tu hii," alikuwa akisema, "mnanilisha mizizi." Lakini chini ya kitanda chake alikuwa na boksi la vitabu, kitu ambacho nyumba nyingine yoyote mtaani kwetu haikuwa nacho. Alilivuta, akachagua, akanipa riwaya isiyo na jalada.

"Soma hii. Utaacha kuulizauliza."

Ilikuwa riwaya yangu ya kwanza. Ilimhusu mwanamke aitwaye Roza aliyepanda treni kumfuata mwanawe aliyelazwa katika hospitali ya mbali. Treni sikuwahi kuiona. Nilidhani ni nyumba nyingi zilizofungwa kamba zikaburutwa, na kila walipoandika kwamba watu wamechungulia dirishani niliwaona wakichungulia kutoka chumba kama chetu, na pazia kama letu. Nilikaa kwenye kibaraza cha nyuma, karibu na Bibi aliyekuwa akikaanga korosho, nikasoma kwa sauti. Shuleni tulisoma kwa sauti, darasa zima, na kusoma mdomo umefungwa nilikudhani ni uvivu. Bibi hakujua kusoma, na mwanzoni hakusikiliza. Kwake ile ilikuwa kelele ya shule. Kwangu pia. Ngano ni ya Bibi na ya jioni, kitabu ni cha mwalimu na cha mchana. Sikuwahi kufikiri kwamba vitu hivyo viwili vinajuana.

Ijumaa ikafika, Mama hakufika. Nilikaa kwenye kona ya barabara mpaka magari yalipokwisha. Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mwanamke mmoja wa Mahurunga aliyezoea kutuletea mchicha alikuja amelowa, akapewa maji yake, akaulizwa swali lake.

"Umejaa, bibi. Mashamba ya bondeni yote yamekwenda. Na jana ntumbwi umepinduka, wanasema wa kutoka ng'ambo, hata haijajulikana walikuwemo akina nani."

Bibi aliendelea kubangua korosho, akajigonga kidole kwa jiwe, akaendelea tu. Mimi nilichukua kitabu changu kama mtu anayejifunika shuka, nikaanza kusoma kwa sauti kubwa kuliko siku zote ili nisisikie mvua. Roza alikuwa amelala akiegemea dirisha, na mwenzake wa safari alikuwa anamtazama kwa jicho baya.

"Huyo Roza ni nani?" Bibi aliuliza ghafla.

"Wa kwenye kitabu."

"Anakwenda wapi?"

"Anamfuata mwanawe. Amepanda treni."

Mkono wa Bibi ulisimama hewani na jiwe lake. "Hiyo ngano."

"Si ngano, Bibi. Ni kitabu."

"Ina ntu. Ina safari. Ina ubaya unamngojea mbele. Ni ngano hiyo." Alitazama juu, nami nikatazama. Mvua ilikuwa imekatika kidogo na jua lilikuwa limetoka, kali, linachoma mabati. "Umeanza lini kuisoma?"

Nilianza siku ileile aliyoondoka Mama. Nilikifunga kitabu nikakikalia. Kama angenichapa ningepumua. Hakunichapa wala hakunigombeza. Aliinuka akaingia ndani, akaziacha korosho bila kubanguliwa, na hilo ndilo lililonihukumu. Nilijiona nimekaa pale kila mchana nikilituma lile jicho la ngano njiani, mpaka Mahurunga, mpaka mtoni, mpaka kwenye ule mtumbwi. Nilijua nimempoteza Mama kwa mdomo wangu mwenyewe. Mpaka leo nikisoma riwaya yenye mtu aliyefanya kosa asilolijua, sihitaji mwandishi anieleze jinsi koo linavyokauka.

Basi nikawaza kama mtoto anavyowaza. Ikiwa sharti la kwanza nimelivunja, la pili nitalishika. Nitaimaliza. Roza akifika kwa mwanawe, Mama naye atafika kwangu. Jioni ile, adhana ya magharibi ilipokwisha, niliwasha kibatari, nikakaa kwenye mkeka bila kuitwa, nikasoma. Bibi alinyoosha miguu akasikiliza. Nilisoma mbio kama ninayefukuzwa. Treni ikasimama katika kituo kidogo porini, mvua inanyesha, na mtu wa reli akapita akitangaza kwamba daraja la mbele limechukuliwa na maji. Roza akashuka na kikapu chake. Nikafungua ukurasa, na ukurasa haukuwepo. Zilizokuwepo ni nyuzi tu za mahali kurasa zilipochanwa.

Asubuhi nilimgongea Mama Neema kabla hajaamka vizuri.

"Mwisho uko wapi?"

"Mwisho gani, mwanangu? Kitabu nilikinunua hivyohivyo. Labda aliyeniuzia alifungia karanga."

Nililia pale mlangoni mpaka akanikalisha jikoni akanipa chai, na kidogokidogo nikamweleza yote, ngano, jua, mtumbwi. Alianza kucheka. "Kwetu sisi tulitishwa kuota pembe," alisema, "na mimi nilisimulia mchana nikajipapasa kichwa wiki nzima." Halafu aliniona uso, akaacha kucheka. Akanifuta kwa upande wa kanga yake.

"Mimi mwisho siujui," alisema. "Lakini na bibi yako haujui. Si ndiyo?"

Sikumwelewa mara moja. Nilimwelewa njiani nikirudi.

Jioni hiyo nilikaa karibu na kibatari, nikafungua kitabu pale penye nyuzi, nikaweka kidole mahali pasipo na kitu, nikaanza kusoma. Niliyasoma maneno yasiyokuwepo. Nilisema Roza alikaa kidogo kituoni, mvua ikakatika, treni nyingine ikaja, akapanda, akafika hospitali, akamkuta mwanawe ameketi anakula. Mwisho. Jasho lilikuwa linanitoka. Bibi alikuwa ameuelekeza uso kwenye moto wa kibatari.

"Usimfikishe haraka hivyo," alisema.

Nilitaka ardhi ipasuke.

"Umesema daraja limekwenda na maji. Treni imepita wapi? Ntu hafiki kwa sababu unataka afike. Mpe kwanza pa kulala."

"Bibi, kitabu kinasema..."

"Acha kitabu. Kuna nyumba karibu na hapo?"

"Ipo," nilisema, na nikaiona ilipotokea. "Ya mama mmoja mjane."

"Huyo mjane ana moto?"

"Anao."

"Roza amekula?"

"Amekula ugali wa muhogo. Na samaki."

"Basi. Amepata pa kulala, ana moto, amekula. Leo tumwache hapo, hakuna ubaya. Kesho tutatazama maji."

Ndivyo tulivyofanya. Kila jioni Bibi aliuliza maji yako wapi, nami nikayapunguza kidogo, na yeye mara nyingine akayarudisha. "Mvua imenyesha juu milimani, hayawezi kushuka leo." Nilikasirika, nikalia, lakini alikataa kabisa kumvusha Roza kwenye maji asiyoyaamini. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba alikuwa akinieleza jinsi mtu anavyovuka mto ule. Yeye alishauvuka na watoto wawili. Alijua kwamba anayengoja ukingoni siku nyingi si aliyepotea. Wakati ule nilichojua ni kwamba nikiamka nilikuwa na mahali pa kuweka hofu yangu mpaka jioni.

Mama alirudi mchana, Roza akiwa bado kwa mjane. Nilikuwa nafagia uani. Nilimwona anakuja kutoka barabarani, miguu imejaa tope lililokauka, amekonda, na mbele ya kifua amebeba kitu kwenye kanga. Niliutupa ufagio, nikamkimbilia, nikamkumbatia kiunoni nikicheka kwa sauti. Ameniambia baadaye kwamba nilikuwa napiga kelele, "Sikukupoteza! Sikukupoteza!" na hakujua nina maana gani.

Bibi alitoka mlangoni. Alikitazama kile kilichokuwa kwenye kanga. Hakuuliza. Alikaa chini, palepale kwenye mchanga niliokuwa nimeufagia.

"Mwanangu," alisema. "Mwanangu nkubwa."

Na mimi nilikuwa bado nacheka.

Mama Mkubwa alijifungua salama, homa ikampata, na maji yalikuwa yamefunga njia zote za kumpeleka hospitali. Mtoto wa kike alibaki, na baba yake hakuwa na wa kumnyonyeshea wala wa kumlea, kwa hiyo Mama alingoja mto upungue akavuka naye. Tulimwita Amina. Siku za matanga watu walijaa nyumbani, na mimi nilikaa nyuma, penye bati la korosho, na hesabu yangu ya kitoto. Jioni zote zile tulimlisha Roza, tukamkokea moto, tukampa mjane wa kumpokea. Mama Mkubwa aliyelala na miguu yake iliyovimba hatukumtaja hata mara moja. Sikumtia hadithini. Nilimtaka mmoja tu arudi, na nilimpata mmoja.

Nilimweleza Bibi baada ya arobaini. Alinisikiliza mpaka mwisho, Amina kamlaza mapajani.

"Ngano haina nguvu hiyo, nke mwenzangu."

"Wewe ulisema mchana inapoteza watu."

"Nilisema ili nyie nfanye kazi," alisema. "Mkianza ngano asubuhi, nani atachota maji? Bibi yangu alinidanganya hivyohivyo."

Nilitamani kumwamini, na nusu nilimwamini. Lakini Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, akamlea Amina mpaka akamwona anavaa sare ya shule, na sikumwona hata siku moja akitoa ngano jua likiwaka.

Amina sasa ni mtu mzima, anafanya kazi ya upishi Madimba. Miaka yote alitaka kuliona kaburi la mama yake, na miaka yote kulikuwa na sababu, kwanza nauli, kisha ng'ambo kukachafuka, milio ya bunduki ikasikika mpaka huku, hakuna aliyevuka kwa hiari. Sasa wanasema kumetulia kidogo. Kidogo ni neno linalonikosesha usingizi. Nilimwomba angoje. Akaniambia, "Dada, nimengoja tangu nizaliwe."

Kwa hiyo siku ile niliirudisha mezani ile riwaya yenye moshi wa korosho. Ukurasa wa mwisho nilikuwa nimeshausoma palepale sokoni, kabla Amina hajaondoka, na wote wanafika, lakini ilibaki kiporo, sikuigusa. Nilifua nguo zisizo chafu. Nilimpigia Amina hapatikani, hapatikani, hapatikani. Jua la alasiri lilikuwa kwenye sakafu simu ilipolia, na sauti yake ilikuja ikikatikakatika.

"Dada, nimelifikia. Nimelipalilia, nimelisomea dua. Nimefika mtoni sasa, lakini mvua imenyesha juu, maji yamepanda. Wanasema leo hakuna kuvuka."

Zamani ningepiga kelele. Nilikaa chini.

"Umepata pa kulala?"

"Kuna mama mmoja hapa kanipokea."

"Ana moto?"

"Dada, maswali gani haya? Anao."

"Umekula?"

"Ndiyo anasonga ugali."

"Basi," nilisema. "Kaa hapo. Usivuke kwa ajili yangu."

Jua lilipozama niliwasha taa, nikatandika mkeka, nikafungua riwaya sura ya kwanza. Nilisoma kwa sauti, nyumba tupu, na katikati ya sura nikasimama nikamtaja Mama Mkubwa kwa jina lake, kisha nikaendelea.